Kichupa cha kushusha pH ya tangi la samaki: nimekitumia siku nne, haya ndo maoni yangu

Nianzie mwisho kabisa ili mwenye haraka asome hapa aendelee na mambo yake. Kama maji yako ni ya kisima, birika lako limeshika ukoko mweupe kwa ndani na sabuni haitoi povu mpaka usugue weee, basi hicho kichupa cha kushusha pH (ile namba ya asidi ya maji, ikishuka asidi imezidi) usikinunue sa hivi. Hela hiyo nunua kwanza kipimo cha KH, yaani cha vile vitu vya jamii ya chokaa vinavyokula asidi majini. Mi nilianza na kichupa, kipimo kikaja baadae, na hapo katikati nikapoteza samaki wangu wa neon saba kati ya kumi na mbili, na mwanangu wa miaka minane ndo alikuwa anawahesabu kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Jina la kampuni ya kichupa sitaji na duka pia silitaji, kwa sababu ninachokisema hapa kinahusu vichupa vya aina hii karibu vyote, na yule kijana wa dukani naamini kabisa alikuwa ananisaidia kwa alichokijua.

Tangi letu ni la lita 100, liko sebuleni, tunaishi Kigamboni na maji tunayotumia ni ya kisima cha nyumba. Mwanzo tulikuwa na gapi na moli, hao hawakuwa na shida yoyote, walizaana mpaka tukawa tunagawia majirani. Sasa mtoto akaona neon dukani. Kama hujawahi kuwaona, ni visamaki vidogo kama nusu ya kidole, vina mstari wa bluu unaowaka kama taa na nyekundu kwa nyuma, wakienda kundi zima wanageuka pamoja kama wamepigiwa filimbi. Nikanunua kumi na mbili. Kijana akaniambia, "Dada, hawa asili yao ni mito ya Amazon huko, maji yao yana asidi, yako ya kisima yatawachosha, chukua na hiki uwe unashusha pH." Elfu 28. Nikalipa, akanipa na vikaratasi vya kupimia.

Na hilo la Amazon ni kweli kabisa, sina ugomvi nalo. Kule kuna mito ambayo maji yake yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya majani na magogo yanayooza ndani, maji laini sana hayana chokaa, Rio Negro kwa mfano pH yake inacheza kwenye 4 na 5 hivi. Kisima changu kilikuwa kinasoma kama 8 na kitu. Sasa ukisikia 5 na 8 unaona ni tofauti ndogo, tatu tu, kumbe hesabu ya pH haiendi hivo, kila hatua moja ni mara kumi. Kipimo hiki alikianzisha mkemia wa Denmark anaitwa Sørensen mwaka 1909, akiwa kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen, alitaka namna fupi ya kuandika ukali wa asidi bila kujaza masifuri. Kwa hiyo kutoka 8 kwenda 7 asidi imeongezeka mara kumi, kutoka 8 kwenda 6 ni mara mia. Hii ningeijua siku ile nisingemimina vile nilivyomimina.

Haya, kichupa chenyewe. Ndani ya vingi vya hivi ni asidi ya salfa iliyozimuliwa, ile familia ya asidi ya betri ila nyepesi, kwa hiyo kiweke mbali na watoto na vaa glavu, hilo lebo inasema na inasema vizuri. Maelekezo yangu yalikuwa matone matano kwa kila lita 40. Nikahesabu matone kumi na mbili kwenye jagi la maji ya tangi, nikakoroga, nikamimina taratibu pale filta inapotolea maji. Baada ya saa moja nikachovya kikaratasi, rangi imeshuka hadi saba na kitu. Nilifurahi, niseme ukweli, nikampigia mwanangu picha.

Asubuhi nikapima tena. Imerudi 8.

Nikaweka tena kumi na mbili. Jioni iko chini, asubuhi iko juu. Siku ya tatu hivohivo. Hapo neon wawili walikuwa wameshapauka, ule mstari wa bluu umefifia kama rangi ya nguo iliyoanikwa juani, na mmoja alikuwa kajitenga nyuma ya jiwe. Mi nikaamini dozi ni ndogo. Siku ya nne, saa tatu usiku, nikaweka mara mbili. Hazikupita dakika ishirini neon wote wako juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanapiga harakaharaka. Nikawasha pampu ya hewa mpaka mwisho, nikatoa maji ndoo moja nikarudishia mengine, nikakaa pale kwenye kigoda mpaka saa saba usiku. Asubuhi wanne wamekufa. Wiki hiyo haikuisha wakafa wengine watatu.

Nitaeleza sasa kilichokuwa kinatokea kwa sababu hakuna aliyenieleza wakati nalipa ile elfu 28, na lebo haina hata mstari mmoja wa hili.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani yetu, yeye anafuga sato na kambale kwenye mabwawa, hana habari na samaki wa mapambo. Nimekutana nae njiani, "Shikamoo mzee," "Marahaba mama, mbona umenyong'onyea hivo?" Nikamsimulia. Akaniuliza swali moja tu, alkali ya maji yako ni ngapi? Nikamwambia pH ni 8. Akasema sijakuuliza pH. Halafu akanieleza kwamba wao kabla ya kupandikiza vifaranga wanapima, na maji yakiwa laini wanamwaga chokaa bwawani mifuko na mifuko ili maji yashike, pH isiwe inapanda mchana na kuanguka usiku. "Sisi tunanunua hicho unachotaka kukiua kwa vitone. Maji yako yameshika kuliko bwawa langu, vitone vyako vinaliwa tu."

Hiyo ndo KH wadau. Ni kiasi cha kaboneti na bikaboneti kilichomo kwenye maji, vile vitu vya jamii ya chokaa na magadi. Kazi yake ni kula asidi. Mwenye kupika ataelewa haraka: mboga ukishaitia magadi halafu ukataka ichachuke kwa ndimu, unakamua ndimu ya kwanza, ya pili, ukali hauji, ndimu inaishia kwenye magadi. Tangini ni vilevile. Asidi ikiingia inakutana na bikaboneti, wanaunguzana, inatoka gesi ya kaboni dioksidi, ileile ya kwenye soda. Ile gesi ikiwa bado majini pH inasoma chini, ndo kile nilichokifurahia baada ya saa moja. Usiku kucha gesi inatoka kama soda iliyoachwa wazi, na asubuhi pH imerudi karibu na palepale. Na ile siku ya dozi mara mbili, gesi ilitoka nyingi kwa mkupuo samaki wakashindwa kuhema vizuri, ndo maana wakapanda juu.

Kuna na la tatu ambalo ni baya zaidi na halionekani. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia. Maji yakiwa kwenye pH 7 karibu amonia yote iko kwenye umbo lisilo na madhara makubwa, ila ikipanda kwenye 8 na kitu, sehemu ile yenye sumu inaongezeka zaidi ya mara kumi, amonia ikiwa ni ileile, hujaongeza chochote. Sasa mi nilikuwa nawashusha jioni na kuwapandisha asubuhi siku nne mfululizo. Bora ningewaacha kwenye 8 yao tulivu. Neon wanaouzwa siku hizi wengi wamezalishwa kwenye mashamba huko Asia, hawatoki mtoni, na wanastahimili maji mengi tu kuliko tunavyoambiwa, kinachowaua haraka ni kuyumbishwa.

Baada ya hapo nikamwagiza ndugu yangu aliyekuwa anarudi toka Dubai aniletee vipimo vya maji vya kampuni ya API, na hivi navipa nyota tano bila kusita. Angalizo la mnunuzi, lile boksi kubwa la maji baridi lina pH, pH ya juu, amonia, nitriti na nitrati, KH haimo, KH na GH (ugumu wa jumla wa maji) ziko kwenye boksi dogo lake peke yake, kwa hiyo mtaje kwa jina unayemwagiza asije akakuletea moja. Vikaratasi nimevitupa, sio kwamba ni feki, ila kati ya 7.6 na 8.4 rangi zinafanana mno kwa macho ya mtu anayepima usiku chini ya taa ya sebuleni.

Kipimo cha KH kinavyofanya kazi ni kizuri hadi mwanangu ndo anapima sa hivi. Unaweka mililita 5 za maji ya tangi kwenye kile kibomba cha kioo, unadondosha tone moja, unafunika, unatingisha. Maji yanakuwa bluu. Tone la pili, bluu. Unaendelea kuhesabu mpaka ghafla yanageuka njano, na idadi ya matone ndo digrii zako za KH, kila tone moja ni kama miligramu 18 za kalsiamu kaboneti kwa lita. Tulikaa mezani tukahesabu, nane, bluu, tisa, bluu, kumi na moja, mtoto ananiangalia, kumi na tatu imeanza kuwa kijani, kumi na nne njano. Digrii 14! Neon wanataka maji ya digrii chache tu. Hapo ndo nilielewa kichupa changu kilikuwa kinapigana na nini.

Halafu nikapima maji ya kisima yenyewe yaliyotoka moja kwa moja, pH 7.2. Nikashangaa, mbona kwenye tangi ni 8.2? Nikayaacha kwenye ndoo na pampu ya hewa siku nzima nikapima tena, 8.2. Maji ya chini ya ardhi yanatoka yamebeba gesi nyingi ya kaboni dioksidi, ikitoka pH inapanda. Kwa hiyo ukipima maji yako ya kisima pima yaliyolala na kupigwa hewa, sio yale ya moja kwa moja toka bombani, utajidanganya.

Na hapa nifike kwenye lile lililoniuma zaidi. Tulikuwa tumepamba tangi kwa makombe na vipande vya matumbawe tulivyookota ufukweni, na chini kuna mchanga mweupe wa baharini. Mtoto alivichagua kimoja kimoja. Mzee aliniambia nichukue kombe moja nilidondoshee ndimu. Nikakata ndimu, nikakamua tone juu ya kombe kavu, likaanza kutoa povu dogodogo kama hamira. Ni chokaa tupu. Kwa hiyo kila nilipomwaga asidi, ilikuwa inayeyusha makombe, na makombe yanarudisha KH ndani ya maji, yaani nilikuwa nailisha asidi kwenye mapambo ya mwanangu. Fanya hicho kipimo cha ndimu au siki kwa kila jiwe, mchanga na kombe kabla hujaliweka kwenye tangi la samaki wa maji laini, kikitoa povu kitoe. Sisi wa Pwani hii inatuhusu sana kwa sababu nusu ya mawe yetu ni matumbawe ya zamani. Tumehamishia makombe yote kwenye kitangi cha gapi na moli, wao wanayapenda maji magumu, na mtoto kakubali kwa sababu hakuna kilichotupwa.

Sasa suluhisho lililofanya kazi. Ukitaka kushusha pH na ibaki chini, unashusha KH kwanza, na KH huishushi kwa kuongeza kitu, unaishusha kwa kubadilisha maji yenyewe. Maji ya kunywa ya madumu makubwa, mengi yanachujwa kwa mashine ya RO, ile inayochuja hadi madini, yanakuwa karibu hayana kitu. Soma lebo, wengi wanaweka jedwali dogo la madini, angalia bikaboneti, kuna wanaorudishia madini kwa ajili ya ladha. La kwetu nilipima KH tone la kwanza tu njano, yaani karibu sifuri. Hesabu ikawa nyepesi: sehemu moja ya kisima, sehemu tatu za RO, KH inatoka 14 inakuja kwenye 3 na nusu. Tangi la lita 100 ni madumu manne ya lita 18.9, yaani lita 75, na lita 25 za kisima, kama vile lilitengenezwa kwa ajili yangu. Kwetu kujaza dumu ni elfu tatu, kwa hiyo kujaza tangi zima kwa mkupuo ni elfu kumi na mbili, chini ya nusu ya bei ya kichupa.

Ila sikubadilisha siku moja. Kila baada ya siku mbili natoa lita kumi na tano, narudishia RO, napima, nalala. Ilichukua wiki mbili na zaidi, pH ikawa inateremka kidogokidogo 8.2, 8.0, 7.8 na haikurudi juu hata mara moja. Ilipokaa kwenye 7.2 nikaacha. Wiki kwa wiki sasa nabadilisha lita 20, tano za kisima na kumi na tano za RO, nachanganya kwenye ndoo kwanza ndo namimina. Maji ya mvua nayo yanafaa, laini kabisa, ila ya kwanza yaache yaoshe bati, na kama bati lako limechakaa au uko karibu na barabara kubwa mi nisingeyatumia.

Usiende kwenye RO tupu lakini! Nimeona watu wanashauri hivo. KH ikiwa sifuri hakuna kinachoshika pH, na bakteria wa kwenye filta wanaobadilisha amonia nao wanakula KH kila siku kwenye kazi yao, kwa hiyo pH inaanguka yenyewe, chini ya 6 wale bakteria wanakaribia kusimama kabisa na amonia inaanza kujikusanya. Mtu wa hivi akiongeza na matone ya kichupa, tangi linaanguka usiku mmoja. Bakiza 3 au 4.

Nije kwenye majani ya mkungu, ambayo nayapa nyota tano na bei yake ni sifuri. Ule mkungu wetu wa kivuli, ambao watoto wanapasua kungu kwa jiwe wapate kile kiini, majani yake makavu ndo yanauzwa Ulaya kwenye vifurushi kwa ajili ya matangi ya samaki, na Thailand wafugaji wa samaki wa kupigana wanayatumia tangu zamani. Yanatoa tanini, rangi ya chai, na asidi hafifu ya asili. Niliokota ya kahawia yaliyoanguka yenyewe, sio mabichi ya mtini, nikakwepa yaliyo pembeni ya barabara yenye vumbi la magari na oili. Mama mmoja anayefagia pale akaniuliza, "Hayo ni dawa ya nini mwanangu?" Nikamweleza, akanichagulia makubwa mazima akanijazia rambo. Unayaosha, unayaloweka usiku mmoja, jani moja kwa kama lita 40 au 50, ndani ya siku tatu maji yanakuwa kama chai nyepesi isiyo na maziwa. Kwenye maji ya KH 14 niliweka majani matatu pH haikushtuka hata kidogo, nataka hilo lieleweke, mkungu sio muujiza. Kwenye KH 3 na nusu likanivuta toka 7.2 hadi 6.9 na likakaa. Na kilichonishangaza zaidi sio namba, ni neon wenyewe, ule mstari wa bluu ukawaka tena kama siku ya dukani, kwenye yale maji ya kahawia wanaonekana kama wamewashwa. Mama mkwe alipokuja akaniuliza mbona hatubadilishi maji yamechafuka, nikamkalisha mbele ya tangi, alikaa hadi chai ikapoa. Kama rangi huipendi mkaa maalum wa filta unaiondoa.

Kwa kifupi kuhusu njia nyingine ambazo watu wananitumia inboksi. Siki na ndimu, hapana, KH inazila kama inavyokula ile asidi ya dukani, na mabaki yake yanakuwa chakula cha bakteria, maji yanapata ukungu na hewa inapungua. Poda za "pH 7 kamili", nyingi zina fosfeti, kwenye maji magumu kama yetu zinafanya maji yawe meupe kama yametiwa unga, na mwani unashangilia, sizitaki. Gogo la kwenye maji, zuri, linafanya kama mkungu ila polepole zaidi.

Na kwa wenye shida ya kinyume, pH inawaanguka, tumia baikaboneti ya kupikia, ile poda laini ya paketi, kijiko kimoja cha chai kwa lita 50 kinapandisha KH kama digrii 4, izimue kwanza na igawe kwa siku mbili tatu. Usichukue magadi ya mawe yale ya sokoni yanayotoka kwenye ziwa kama Natron, yale yamechanganyika na kaboneti kali zaidi, yanarusha pH juu kwa kishindo.

Na kama uko Dar au Tanga au Mombasa na maji yako ni magumu na huna nguvu ya kubeba madumu kila wiki, kuna jibu ambalo dukani hatuambiwi: fuga samaki wanaoyapenda hayo maji. Gapi na moli nimeshawataja, lakini tuna sikilidi wa Ziwa Tanganyika, maji yao kule ni karibu pH 9, na wa Ziwa Nyasa wanaokaa kwenye 8 hivi. Watu wa Ujerumani na Marekani wanatia madini kwenye maji yao ya bomba ili yafanane na maji ya Kigoma, sisi tunayo yanatoka ardhini yakiwa tayari, halafu tunanunua asidi tufanane na Brazil. Mimi mwenyewe ningeanza upya tangi hili lingekuwa la Tanganyika, ila mtoto moyo wake uko kwa neon na nimeshajua kuwatunza.

Kwa hiyo kichupa nakipa nyota mbili. Mbili sio moja kwa sababu kinafanya kilichoandikwa, pH inashuka, na kwa mtu mwenye maji ya RO aliyepima KH yake anayetaka kusogeza kidogo kwenye ndoo kabla ya kumimina, kinaweza kuwa na kazi. Nyota tatu nimezikata kwa sababu lebo imeniambia matone bila kuniambia nipime KH, na dukani kilikuwa kinauzwa bila kipimo hicho kuwepo hata rafuni. Nilirudi nikamweleza yule kijana, bila ugomvi, na nikamfanyia jaribio la ndimu kwa makombe anayouza palepale kaunta. Alishangaa kama mimi. Kaahidi kuagiza vipimo vya KH, nitapita mwezi ujao nione.

Kichupa kimebaki zaidi ya nusu, nimekifunga kwenye mfuko juu ya kabati. Wale neon watano waliopona wapo, nimeongeza nane wengine wiki tatu zilizopita, safari hii niliwaingiza kwa kudondoshea maji ya tangi kwenye ndoo yao kwa mpira mwembamba saa nzima, na leo asubuhi mtoto kahesabu kumi na tatu. pH 6.9, KH 4. Majani yameanza kubaki mishipa mitupu, kwa hiyo Jumamosi tunaenda kuokota mengine kabla mvua hazijaanza, maana yakilowa pale chini yanaoza hayafai tena.